Benchi Bichi la Wakwe

Niseme mapema: kosa lilikuwa la mapenzi. Mtu aliyependa hana pua. Kiangazi kile cha 2015 nilikuwa nimependa mpaka nacheka peke yangu kwenye basi. Kijana mwenyewe alikaa Columbus, na wazee wake walikuwa wameshatuma neno: Jumamosi wanakuja kwetu Louisville, mtaa wa Highview, kuniposa.

Baba akaitazama sebule yetu. Viti sita vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya.

"Wakwe zangu hawakalii plastiki," akasema. "Mimi nimepasua mbao miaka ishirini. Watakaa kwenye ubao wangu."

Ni kweli alipasua. Kule Kivu yeye alisimama juu ya gogo, mimi binti yake mkubwa niko chini, tunavutana msumeno mrefu wa watu wawili, na vumbi lote nakula mimi. Tangu tufike Amerika alikuwa anasukuma maboksi kwenye bohari, na alikuwa amegeuka mtu wa kimya. Sasa jirani yetu, mzee wa Kimarekani, dhoruba ilimwangushia mti mkubwa nyuma ya nyumba, mti wanaouita elm. Mzee huyo alikuwa na mashine yake ya kupasulia mbao, inavutwa na gari kama trela. Akamwambia baba: njoo unisaidie, uchague ubao unaoutaka.

Jumanne tukaenda, baba amevaa ovaroli lake la kazini. Tukaviringisha gogo mpaka juu ya kitanda cha chuma cha mashine, mzee akalibana, akawasha injini, akaanza kuusukuma msumeno taratibu, maji yakiudondokea. Ukapita ndani ya gogo kama kisu kwenye parachichi. Baba alikuwa anatembea sambamba nao, mikono mgongoni, akikagua. Halafu akasimama ghafla.

"Hii haina mtu wa chini!" akanipigia kelele. "Mwanangu, umepona!"

Weee, tulicheka! Ubao wa kwanza mpana ulipotoka baba akaumwagia ndoo ya maji, na mistari ya mti ikajitokeza yote, kahawia na nyekundu, imepindana. Baba akaruka. Baba yangu wa magoti mabovu! Akanishika mikono tukacheza kwenye vumbi la mbao, na mzee wa watu naye akawa anapiga makofi.

Ndipo harufu ikanifikia.

"Mzee," nikasema kwa Kiingereza, "mbwa wako amekojoa hapa."

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema mti huo ukiwa mbichi ndivyo unavyonuka, mkojo mtupu. Ukikauka harufu inaisha. Tuzipange mbao kivulini, tuzitenganishe kwa vijiti, tungoje mwaka. Nikatafsiri yote.

"Mwaka?" baba akasema. "Bon, sawa. Mwambie wakwe wanakuja Jumamosi."

Na mimi, badala ya kumshika mkono, nikaona baba ana akili kuliko watu wote wa Kentucky.

Ijumaa benchi lilikuwa tayari, limepigwa randa, refu la kukalisha watu wanne. Mama akalinusa.

"Haraka haraka haina baraka. Angalau nitandike kitenge."

"Ufunike nini? Wauone mti!"

Tukafungua madirisha usiku kucha, harufu ikapungua, tukajiona washindi.

Jumamosi wakaingia. Wazee wanne wakakaa kwenye benchi, katikati baba wa mchumba wangu, mzee mrefu ndani ya suti ya rangi ya maziwa. Wakalisifu. Baba, kwenye kiti chake cha plastiki, akaumuka kama andazi kwenye mafuta. Akasimulia miti yote aliyowahi kuiangusha.

Nyumba ikajaa watu na joto la masufuria, na benchi likaamka. Lo, harufu! Hakuna aliyesema. Utasemaje? Mkwe ni mkwe. Tukajikaza, tukameza soda.

Mzee mrefu akasimama kutoa posa. "Tumetoka Columbus kuomba..." Akajigusa nyuma. Suruali ilikuwa imelowa, doa kubwa kama sahani. Mkewe, aliyekaa pembeni na mama, aliona, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mtusamehe," mzee akasema, sauti imeshuka. "Nimechoka na safari. Tutarudi siku nyingine."

Nikaelewa. Mzee wa watu alidhani ni yeye. Angeondoka na asingerudi kamwe, maana nani anarudi kwenye nyumba alikoonekana hivyo? Posa yangu ilikuwa inatoka mlangoni.

Nikamtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajua hatasema, si baada ya majisifu yale yote.

Baba akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi. Akajikandamiza. Akajisugua kulia, akajisugua kushoto, watu wanamshangaa. Alikaa hivyo kitambo, kisha akasimama na kuwageuzia wakwe mgongo. Kwetu mkwe humgeuzii mgongo hata ukitoka, unarudi kinyumenyume. Yeye aliwainamia na suti yake ya pekee, doa liko wazi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Si wewe, ndugu yangu. Ni mti wangu. Niliambiwa ningoje mwaka, nikakataa kwa kiburi."

Wazee wengine watatu wakaanza kujipapasa nyuma. Madoa matatu. Mama mkwe akapiga kigelegele, na nyumba nzima ikalipuka.

"Donc, kumbe mimi ni mzima?" mzee mrefu akauliza.

"Mzima kabisa, Papa!" nikajibu, kabla sijakumbuka kwamba mwali hasemi.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akarudi kukaa palepale palipolowa.

"Mtu amevua heshima yake anifunike mimi," akasema. "Bila binti wa mtu huyu, hatutoki."

Leo benchi liko kwetu, mimi na mume wangu, Cheektowaga, karibu na Buffalo. Limepinda upande mmoja, nimeliwekea kadibodi chini ya mguu, na halinuki chochote. Baba mkwe kila akija hulipapasa kwanza kwa kiganja, ananusa kiganja, ndipo anakaa na kumpigia baba simu Louisville.

"Mkwe, limekauka."

Na baba humjibu, "Na wewe?"