Kamba Isiyotaka Kukunjwa

Harufu ya katani mpya inafanana kidogo na ya nyasi zilizokatwa na kidogo na ya mafuta ya taa, na mimi niliivuta kwa siku tatu mfululizo nikiwa nimelala juu yake. Tulitoka Nakuru na lori lililojaa marobota ya kamba, mama akiwa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya mzigo pamoja na utingo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kunishika mguu nisianguke. Malaba tulikaa siku nzima tukisubiri karatasi kugongwa muhuri. Ng'ambo ya mpaka barabara ilikuwa na mashimo mengi kuliko lami, na kila baada ya mwendo mfupi askari walisimamisha lori, wakapanda, wakabonyeza marobota kwa mitutu ya bunduki zao, kisha wakashuka wakiambiana, "Kamba tu! Iko kamba tu!" Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma na mama alikuwa amepiga hesabu yake: watu wanajenga, wanahama, wanarudi makwao, na hakuna mzigo unaokwenda popote bila kufungwa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama hakuwa mtu wa kukaa akisubiri kuhurumiwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Alipata kibanda Kikuubo, soko la jumla la mji mkuu wa nchi hiyo, chembamba kama kabati, na humo ndimo nilimomwona mama yangu akiwa na furaha kuliko mahali pengine popote. Alikuwa na namna yake ya kukunja kamba. Aliipima kwa kunyoosha mikono, akaizungusha kati ya kiganja na kiwiko, kila duara sawa na lililotangulia, akaifunga katikati, kiunoni, mara nne, kisha akaitundika mlangoni pamoja na nyingine zilizokaa kama nywele zilizosukwa. Wenye maduka ya jirani walikuja kutazama tu. Kamba iliyolegea au kujiviringisha ilimuudhi kama sufuria chafu inavyomuudhi mwanamke mwingine. Alinifundisha nami kukunja, na hadi leo siwezi kuona waya wa simu umevurugika juu ya meza nikauacha ulivyo.

Tulipanga chumba Kisenyi, hatua chache kutoka kwenye mtaro mkubwa. Mlango wa pili alikaa Afande Ojok, polisi kutoka kaskazini, mrefu, mpole, ambaye zamani alifanya kazi kwenye boti za doria ziwani. Mkewe, Mama Amina, alikuwa Mwislamu, yeye mwenyewe Mkristo, kwa hiyo nyumba hiyo ilikuwa na chakula kizuri Ijumaa na chakula kizuri Jumapili, na mimi sikukosa hata kimoja. Binti yao, Amina, alinizidi mwaka mmoja na nguvu za mikono. Katika kwepena, ule mchezo wa kumlenga mwenzako kwa mpira wa soksi, alikuwa akinipiga sikioni hata nikiwa nakimbia.

Mtaro huo siku za jua ulikuwa uzi wa maji machafu katikati ya zege, na watu waliuvuka kwa mbao mbili zilizolazwa juu yake. Lakini mvua ikinyesha vilimani, hata kama kwetu jua linawaka, maji yalishuka yote kwa pamoja yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Msimu wetu wa kwanza yalimchukua mpagazi mmoja na mzigo wake wa magodoro. Kisenyi ni mahali pa wapagazi na gereji, na karibu kila mwanamume pale kando alikuwa na kamba begani. Walizirusha zote. Nyingine zilianguka kama tonge la ugali miguuni pa aliyezirusha, nyingine zilikwenda nzima nzima bila kukunjuka, zikazama. Yule bwana aliokolewa na lundo la matairi lililokwama chini kidogo, akatoka na mkono uliovunjika. Jioni ile Afande hakula. Alisimama mlangoni kwetu akamwambia mama, "Mama Barasa, watu ishirini iko na kamba, mtu moja nakaribia kufa. Kamba yenu najua kufunga tu. Kutupwa haijui."

Mama aliona ametukanwa. Ndipo ikaanza miezi miwili ya ubishi ambayo mimi naihesabu kuwa miezi mizuri kabisa ya utoto wangu. Kila baada ya kazi walikutana mbele ya vyumba vyetu, mama na Afande, wakibuni kitu cha kumtoa mtu majini. Walijaribu kufunga jiwe kwenye ncha ya kamba, Mama Amina akauliza kutoka kwenye sufuria yake ya mandazi, "Huyo mtu nataka kuokoa ao nataka kumaliza?" Walijaribu mpira wa ndani wa gurudumu, ukaibiwa kabla haujakauka. Afande akasema katani inakunywa maji na kuzama, tunahitaji nailoni. Mama, muuza katani, siku ya tatu akaenda kwa mshindani wake na kurudi na nailoni ameificha chini ya kanga, kama mtu aliyetoka kununua pombe. Mwishowe wakafika kwenye jerikeni la lita tano, lile la njano la mafuta ya kupikia. Walipanua mdomo wake kwa kisu cha moto, wakaishindilia kamba yote ndani, ncha moja imefungwa kwenye mkono wa jerikeni, ncha nyingine inabaki kwa mrushaji. Jerikeni linaruka, kamba inajimwaga yenyewe njiani, na aliye majini anapata kitu kinachoelea cha kukumbatia. Ukikosa mara ya kwanza, huna haja ya kurudisha kamba ndani. Unalivuta, unachota maji kidogo yalipe uzito, unarusha tena.

Siri yote ilikuwa katika kushindilia. Afande alitaka kamba iingizwe ovyo, ngumi baada ya ngumi, bila mpango wowote, kwa sababu inayoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza, lakini iliyokunjwa duara hujifunga yenyewe inapovutwa haraka. Mama alimwelewa. Aliona kwa macho yake, maana tulifanya majaribio mtaro ukiwa mkavu, mimi nikiwa ndiye ninayezama ng'ambo ya pili na Amina akirusha, na hakukosa hata mara moja. Tulilitundika jerikeni kwenye nguzo karibu na mbao. Lakini wateja wa mama waliopita pale walichungulia ndani na kumcheka. "Mama Mkenya, hii kamba ilipigana na nani?" Mwingine akasema sasa anajua kwa nini Wakenya wanazikunja vizuri zile za dukani, ni kuficha tabia. Mama alicheka nao. Kumbe ilimwingia. Jumapili moja, akijua wenzake wa kanisani watapita njia ile kuja kwetu kula, alishuka mtaroni peke yake, akaitoa kamba, akaikunja kwa ustadi wake wote, akaifunga kiuno, akairudisha. Hakumwambia mtu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikitoka kumpelekea Afande soksi zake kituoni. Amina alikuwa upande wetu, na mama alikuwa hapo akichagua nyanya. Jua lilikuwa kali. Nilitaka Amina anitazame, basi nikaanza kuvuka mbao kinyumenyume, mikono kichwani. Nilisikia sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, kisha mbao hazikuwepo. Ninachokumbuka ni ubaridi, ladha ya udongo na mafuta machafu, na mikono yangu ikitafuta ukingo wa zege ulioteleza kama sabuni. Nilishika chuma kilichotokeza ukutani. Nikaona mama akikimbia na jerikeni, akalizungusha, akarusha. Liliruka hatua tatu likasimama hewani kana kwamba limeitwa jina, likaanguka. Kamba ilikuwa imetoka donge moja, nzuri, imefungwa kiuno mara nne. Uso aliokuwa nao mama wakati ule sijauona tena kwa mtu yeyote.

Amina alimnyang'anya ncha ya kamba, akalivuta jerikeni. Alikata kile kiuno kwa meno, akaitawanya kamba chini kwa mateke kama kuku anayetafuta chakula, akachota maji, akapiga kelele, "Balasa! Shika jerikeni, kamba acha!" Lilinigonga sikioni, pale pale alipozoea. Nikalikumbatia. Wapagazi wanne wakashika nyuma yake na kunivuta hadi juu, nikatapika juu ya nyanya za watu.

Afande alipofika mama alimwambia mbele ya wote, "Ni mimi. Niliikunja." Afande alimtazama, akanitazama mimi niliyefunikwa kanga, akasema, "Sasa wewe najua kwa nini." Hakulisema tena jambo hilo. Tangu siku hiyo kamba za dukani mama aliendelea kuzikunja kama zamani, ila ile ya mtaroni aliishindilia kwa ngumi, akiwa amegeuza uso pembeni, na anayecheka aliambiwa aingie majini ajaribu.

Miaka mitatu baadaye nyanya yangu aliugua, tukatakiwa kurudi Nakuru. Nimezunguka sana tangu hapo. Nimefanya kazi Kisumu, Mwanza, Bukoba, nimelala karibu na maji ya kila aina, na siku hizi nakuta kwenye gati maboya mazuri ya rangi ya machungwa, mengine yamefungwa kwa kufuli yasiibiwe. Ni vyombo bora kuliko jerikeni letu, sibishani. Lakini sijaishi tena mahali ambapo majirani walikaa miezi miwili wakigombana jinsi ya kumwokoa mtu wasiyemjua bado. Asubuhi ya kuondoka mama alishuka mtaroni, akaibadilisha kamba iliyochakaa akaweka mpya, akamkabidhi Amina. Amina akataka ijaribiwe. Nikavuka ng'ambo, akarusha, nikadaka. Kamba ikakaza kati yetu. Nilingoja alegeze, hakulegeza.

"Achia wewe," alisema. "Mimi sijui kuachia."

Dereva alikuwa akipiga honi. Nikaachia.