Vidonge vya Dafroza

Kostansia alianza kumchukia Dafroza siku katoni ilipofika kutoka Columbus.

Mumewe, Liberati, alikuwa hoi kwenye kochi. Kiangazi hicho alikwenda Buffalo kumwona kaka yake, Ngarambe, anayeishi East Side. Walitoka kuvua samaki, wakapita kwenye nyasi ndefu, kupe akamng'ata nyuma ya goti. Aliporudi nyumbani Louisville, alama nyekundu ilishatanda upana wa sahani, homa juu, viungo vinamuuma. Kazi ya ghalani akaiacha kwanza. Daktari alisema ni ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, akampa antibiotiki za wiki kadhaa.

Dafroza alijuaje? Liberati alimpigia simu mwenyewe, na hapo ndipo palipomchoma Kostansia. Wote watatu walikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, na kambi nzima ilijua kwamba nusura Dafroza aolewe na Liberati. Sasa ni mjane, anatunza wazee huko Columbus, na mwaka uliopita aliugua ugonjwa huohuo. Katoni yake ilijaa chupa: vitamini D, magnesiamu, mafuta ya samaki.

"Amesema vinampa mtu nguvu wakati dawa inafanya kazi yake," Liberati alisema, akizipanga dirishani kwa uangalifu ambao Kostansia hakuwahi kuuona.

Uji wa ulezi aliopikiwa na mkewe ulipoa mezani. Vidonge vya Dafroza vilimezwa papo hapo, vyote pamoja na dawa ya daktari. Na simu ikilia, mgonjwa aliyekuwa haongei alicheka. Kostansia, akiosha vyombo, alifunga bomba ili asikie vizuri.

Siku moja akaziweka chupa kwenye mkoba, akaenda duka la dawa. Moyoni aliomba aambiwe ni sumu. Mfamasia alizitazama moja moja.

"Hazina ubaya, mama. Ila magnesiamu asiimeze pamoja na antibiotiki, itaizuia isiingie mwilini. Aachanishe kwa saa kadhaa. Na amwambie daktari wake anachotumia."

Ni hivyo tu. Lakini njiani, basi likikata kona kuelekea mtaa wao wa Iroquois, Kostansia alishapata la kusema.

"Mfamasia amekataza," alimwambia mumewe. "Zote. Zinaua dawa."

Alijiandaa kwa ugomvi. Liberati aliinuka taratibu, akazitupa chupa zote kwenye pipa. "Asante, Mama Ange. Ungeniacha ningejimaliza." Kostansia akatamani angebisha.

Dawa ilipokwisha, homa ilikuwa imeondoka. Uchovu ulibaki, kisha nao ukaanza kupungua. Ndipo Dafroza akaja Louisville kwenye semina ya kanisa, akapita kuwasalimu. Alikuwa amekonda, akishika goti kila alipokaa. Liberati akamweleza habari ya mfamasia.

"Zote?" Dafroza akamgeukia Kostansia. "Mimi niliambiwa nitenganishe saa tu, tena kwa ile magnesiamu peke yake. Nilisahau kuwaambia, mnisamehe."

Kostansia alitazama chai yake. Liberati alimtazama yeye.

"Alisema hivyohivyo," Kostansia alijibu hatimaye. "Mengine niliongeza mimi."

"Kwa nini?" Liberati aliuliza.

"Uji wangu unauacha, vya kwake unameza mbio. Kwangu unanuna, kwake unacheka."

Liberati alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naona aibu, mke wangu. Unafanya kazi, unarudi, unanilisha kama mtoto. Yeye hakuniona nikiwa vile."

Kostansia hakujua kama hilo lilimtuliza au lilimuumiza zaidi. Alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, kwa sababu adabu ilidai hivyo.

"Liberati simtaki, dada," Dafroza alisema akifungua mlango. "Lakini siwezi kukudanganya kwamba sina wivu. Mimi nilipougua, hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula."

Kostansia alihisi raha, raha kabisa ya mshindi, na palepale akaionea haya. Akamshika mkono.

"Goti bado linakusumbua?"

"Linasumbua."

"Basi urudi kwa daktari. Na ukifika Columbus unipigie. Unipigie mimi."

Dafroza alicheka, akawasha gari. Jioni hiyo simu ililia, na Liberati alipoinyooshea mkono, Kostansia alishaipokea.