Jerikeni ya Dahabo Niliyoiziba kwa Gundi ya Mgunga

Kosa ni langu. Shetani simtaji, vita sivitaji. Nimelibeba tangu siku za vita vya Shifta, huku kwetu kaskazini mwa Kenya, na sasa nimechoka.

Tuliamriwa tuhamie kijiji cha kulindwa na askari, mwendo wa siku mbili kwa miguu, maana ngamia wetu walishauawa. Dahabo, mke wa kaka yangu Hassan, alitangulia na binti yake Nuria, wa miaka mitatu. Walikuwa na jerikeni moja ya plastiki, ya kwanza kuonekana kwetu. Jua lilikuwa limeipasua chini.

Mimi ndiye niliyejulikana kwa kuziba vyombo. Plastiki nayo nilishaijaribu kwenye beseni: ubani ukiyeyushwa na mafuta ya simsim unashika, maji hayapiti.

Na ubani nilikuwa nao! Konzi nzima nimeficha! Lakini mume wangu Guled alikuwa karibu kurudi, nikataka kujifukiza ninukie. Nikachukua gundi ya mgunga, ile tunayotafuna tukichunga mbuzi. Gundi hiyo inayeyuka kwenye maji, mtoto yeyote wa kwetu anajua! Nikapaka masizi juu isitambulike.

"Abaayo, dada yangu, imeshika?" Dahabo akaniuliza.

"Kazi yangu ilivuja lini? Nenda, unanichelewesha."

Akacheka. "Haya, bibi harusi! Guled akija mwambie asimalize maziwa, atuachie."

Nilijiambia itawafikisha. Wallahi, nilijiambia hivyo.

Siku ya pili waliamka jerikeni ni tupu. Nuria alikata roho kwa kiu, kijiji kikionekana. Ya Allah!

Nilipofika na mbuzi, Dahabo alinishika mikono. "Sikukaza kifuniko, abaayo. Ni mimi nimemuua."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nikasema, "Ni kudra ya Mungu."

Guled alirudi baada ya mwezi. Nikajifukiza. Hata hakunusa.

Na Dahabo, miaka yote hiyo, alikaza kila kifuniko mara tatu, hata cha chupa isiyo na kitu. Nami nimekaa hapo nakunywa chai yake, namtazama! Amefariki mwaka huu kabla ya Ramadhani, bado akijilaumu.

Wanawake wenzangu, ukiombwa kitu na hutaki kutoa, sema sitaki. Atakununia, ataomba kwa mwingine. Na kama umeshadanganya, sema kweli uliyemdanganya angali hai. Mimi nawaambia ninyi, kwa sababu yeye hanisikii tena.