Mlimau Uliochipua Haraka Mno

Mti uliobebeshwa, yaani kijiti chake kikafungwa juu ya mche wa mti mwingine, ukichipua upesi, watu hupiga makofi. Mimi huinama na kukitazama kiungo, pale miwili inapokutana. Tabia hiyo niliipata ugenini, mtaa wa Glenwood, kwenye uwanja wa Gogo, bibi aliyetupangisha chumba cha nyuma.

Mlimau wake, uliopandwa na marehemu mumewe, ulikuwa umeoza mizizi. Tawi moja tu lilibaki kijani. Aliniomba niutolee mtoto kabla haujafa. Jirani yangu, Mkongo mwenzangu, akaniletea mche aliopewa kazini. Nikaufungia kijiti cha mti wa Gogo, nacho kikachipua upesi. Tukashangilia.

Mwaka wa pili, juu ya kiungo pakavimba kama shavu lenye jino bovu. Kisha chini yake likatoka chipukizi la ule mche, majani yake matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Nikaanza kushuku. Jamii hiyo huibeba michungwa vizuri, lakini milimau mingine hukaa nayo kama wapangaji wasiosalimiana.

"Ndugu, iko na majani, iko inakunywa maji," jirani akacheka. "Unataka nini tena, cheti ya ndoa? Weye unashuku mpaka miti!"

"Kushika si kuungana. Papasa hapa."

"Eish, hiyo ni kitambi tu. Inakula vizuri!"

Gogo alikuwa amekwisha kumwita mtu aje Jumamosi kuung'oa mti wa zamani. Ukitoka huo, na huu mchanga ukafa, mlimau wa mumewe ungekwisha kabisa.

Njia ya kuhakikisha si ngumu: inua kipande kidogo cha gome pale kiungoni. Panapoungana, mti wa ndani huwa mweupe mfululizo. Nilipoinua, nikakuta mstari wa kahawia, kama ufa wa kikombe. Nikamwita Gogo. Akapitisha ukucha juu yake, polepole.

"Upepo ukija?" akauliza.

"Utakatikia hapo, Gogo. Lakini tawi lile la mti wa zamani bado lina macho mazuri ya kuchipua. Nina mche wa kuyabeba, wa limau la maganda yenye makunyanzi, nimeuotesha mwenyewe kwa mbegu. Huo naujua."

"Na huo utauamini?"

"Ukimaliza miaka michache, labda."

Jumamosi mtu alifika na msumeno. Gogo akatoka na kandambili, akamsimamisha getini, akamwambia arudi kwao.