Mjomba Alimjibu Daktari

Mama alikuwa amegeuka manjano hadi viganjani. Jiwe lilikuwa limeziba mrija wa nyongo, na daktari alitaka kulitoa bila kupasua, kwa kupitisha mpira wenye kamera mdomoni. Kabla ya kuanza alionyesha kovu refu lililopita kando ya kitovu, akauliza kama aliwahi kupasuliwa.

"Balisha kumupasula mu tumbo?"

Kwetu mgonjwa hajibu. Hujibu mkubwa wa ukoo. Mkubwa wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyetoka mtaa wa Makomeno amevaa koti lake la harusi.

"Hapana, docteur. Ile iko ya césarienne."

Hakujua chochote, ila kukiri kwamba hajui kungemshushia heshima. Mimi nilijua. Mama alituzaa sote kwa njia ya kawaida, bila kupasuliwa. Kovu lile lilikuwa la hospitali ya Kasenga, alikokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda, utumbo ukaunganishwa upya, na mimi, nikiwa msichana, ndiye niliyemuuguza. Nilimtazama mjomba, kisha nikatazama viatu vyangu. Mtoto hamsahihishi mjomba mbele ya watu. Adabu gani hiyo, Mungu wangu!

Daktari alihangaika asubuhi nzima, akatoka amelowa jasho.

"Njia yake iko ingine kabisa. Sikufika."

Nikamfuata kwenye korido, mbali na mjomba, nikamwambia ukweli. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unajua?" Afadhali angenizaba kofi.

Siku mbili zilipita wakitafuta mpira mwingine, mrefu zaidi. Mama alikuwa akitetemeka kwa homa. Uchafu wa nyongo ulishaingia kwenye damu. Mara ya pili daktari aliingia tena kwa mdomoni, akapanda kupitia utumbo uliounganishwa zamani, akaukuta mlango wa nyongo umepinduka juu chini. Akaufungua taratibu, akalitoa jiwe, nyongo ikashuka. Alinionyesha lile jiwe. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi. Nililichukia, nikajichukia zaidi.

Mama alikufa siku ya tatu baada ya hapo. Homa ilikuwa imemtangulia daktari.

Msibani, nyumbani kwetu katika mtaa wa Kenya, mjomba alikaa kiti cha mbele akiwaeleza wageni.

"Ni docteur alimuua dada yangu. Hajue kazi. Mara ya kwanza alishindwa hata kuona njia."

Wanawake wakasonya, wakamlaani daktari. Mjomba akanigeukia.

"Weye ulikuwa pale. Bambie."

Watu wote wakanitazama, wakingoja niwaambie.

"Ndiyo, mujomba," nikasema.