Wananitaka Uwanjani, Mezani Hawanitaki

Admin, ukiposti hii futa jina langu, Waswahili wa huku tunajuana sana.

Nina miaka 36, mzaliwa wa Tanga, naishi ughaibuni, mji wa Adelphi, kazi yangu ni kutunza wazee. Nilizaliwa nikaitwa binti. Leo ni mwanamume, na vitambulisho vyangu vyote vinasema hivyo. Wenye matusi piteni tu, nimeshayasikia yote kwa mama yangu mzazi.

Miaka mitatu iliyopita daktari aliniambia sukari inapanda, nifanye mazoezi. Jimu ilinishinda. Nikifikiria kuvua shati mbele ya wanaume wengine, nazunguka na gari pale nje halafu narudi nyumbani. Jirani yangu, mtu wa Mombasa, nimwite Salim, akanikuta napanda na kushuka ngazi za jengo letu, natokwa jasho. Akacheka: "Utavunja ngazi za watu! Njoo Jumapili Silver Spring tucheze mpira."

Wakaniweka beki wa kushoto. Sukari ikashuka, usingizi ukarudi. Baada ya mechi tulikula pamoja, pilau kwa zamu, wake zao wakinitania, "Shemeji, utaoa lini?" Sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Mwaka huu binamu yangu wa Woodbridge akaja kutazama mechi. Akaniita jina langu la zamani, la kike, kwa sauti, mara mbili. Watu wote wakasimama. Sikukana. Nilichukua begi nikaondoka, na hakuna aliyenifuata. Jioni Salim akanipigia: "Ulitudanganya." Nikamuuliza, nilidanganya nini, pasi? Akakata simu. Kesho yake nikakuta nimetolewa kwenye grupu la timu.

Tangu hapo sijagusa mpira. Daktari ameniongezea dawa. Nikijaribu kukimbia peke yangu, gari likipunguza mwendo tu nadhani ni wao, nageuza.

Juzi Salim kagonga mlango. Timu imeingia fainali, beki wao kaumia goti.

"Vijana wamekubali urudi," akasema, hanitazami usoni. "Ila uje umeshavaa jezi. Na tukimaliza, wakati wa kula... utuelewe tu, kuna familia pale."

"Kwa hiyo miguu yangu halali, mdomo wangu haramu?"

"Usichukulie hivyo, ndugu yangu. Mimi nimekupigania."

Kinachoniuma ni kwamba anaamini kweli kanipigania. Na kinachonitia aibu, alipoondoka tu nilitoa njumu kabatini nikaanza kuzisafisha. Watu walioniacha nitoke uwanjani peke yangu, bado nina hamu ya kuwakabia washambuliaji!

Fainali ni Jumapili na Salim anasubiri jibu. Jamani, mliowahi kutengwa na watu mnaowapenda, niambieni: niende nikacheze, au nimwambie atafute beki mwingine? Nitasoma kila mtakachoandika. Ila msiniambie nisamehe. Hakuna aliyeniomba msamaha.