Mwanga Anaingia Kichwani

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Musoma yalipojaa mitumba na redio za Dubai, hospitali moja mjini ilipata daktari mgeni mwenye mashine. Alikuwa akibandika taa ndogo nyekundu kwenye paji la mtoto ambaye malaria imempanda kichwani, na mashine ikionyesha kama damu inafika vizuri kwenye ubongo. Hakuna sindano, hakuna kisu. Kuwaeleza wazazi aliachiwa Lukresia, muuguzi kutoka Butiama, aliyejivunia Kiswahili chake kuliko hata sare yake.

Siku moja aliyelala hajitambui alikuwa Yunusu. Bibi yake, Bi Tabu, muuza dagaa wa soko la Mwigobero, alikaa upande mmoja wa kitanda. Mama yake, Siwema, upande wa pili.

"Msiogope," Lukresia alisema. "Mwanga anaingia kichwani, anatafuta damu."

Siwema akainua kichwa. Kwao Lukresia, watu wakiongea Kiswahili, taa anawaka na gari anakuja. Lakini Siwema alilelewa na wazee wa Tanga. Kwake, mwanga unaoingia ni nuru. Mwanga anayeingia ni mchawi.

Akamgeukia mama mkwe wake. "Nilijua mimi! Mkono wako hautoki kichwani kwa mwanangu!"

"Mimi, Siwema?"

"Toka! Hata nesi kasema!"

"Siku hizi wanawanga mchana kweupe," mwanamke wa kitanda cha pili akadakia, na watu wakacheka.

Lukresia alielewa papo hapo. Neno moja lingetosha: unaingia. Lakini wauguzi wenzake, waliozoea kumwita Profesa wa Kiswahili, walikuwa mlangoni. Akajifanya ananyoosha waya. Bi Tabu akajitanda khanga, akatoka.

Lukresia alipokuja kumweleza Siwema ukweli, bibi alikuwa ameshafika mbali. Akamfuata hadi Mwigobero, akamkuta anageuza dagaa juani.

"Bibi, nisamehe. Kosa ni la Kiswahili changu. Siwema nimemweleza, amenituma nikuite."

"Amekutuma? Miguu yake imekatika?"

"Anaona aibu."

"Na wewe?"

Lukresia akainamisha kichwa.

"Wewe, mwanangu, ulikosea herufi. Yeye aliamini kabla hujafunga mdomo. Hicho nacho ni Kiswahili?"

Bi Tabu akamimina uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akamkabidhi.

"Mnyweshe Yunusu akizinduka. Usiseme uji umetoka kwangu, wasije wakaumwaga."